Loji Ilianza na Matawi

Magdalena mdogo wangu,

Habari za Rhotia? Goti lako limepoa? Na maharage, yametoka ardhini au mvua bado inawadanganya? Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku Uingereza inaingia hadi kwenye meno. Wanafunzi wangu wa Kiswahili wamejifunza "shikamoo", sasa wananiamkia hata wakinikuta dukani.

Ujumbe wako nimeupata. Kumbe yule bwana wa Arusha amerudi kukwambia kwamba tembe la Mama ni aibu mbele ya wageni wanaokwenda kreta kutazama wanyama, liangushwe ajenge loji. Na mimi alinipigia.

"Mzee, msomi mzima unang'ang'ania nyumba ya udongo?"

"Naam, nang'ang'ania."

Akacheka. "Hata hiyo loji hamjui ni nini. Acheni maendeleo yaje."

Hapo alinichokoza. Nilikwenda maktaba nikalifukua neno lenyewe. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, nao Wafaransa kwa makabila ya Kijerumani ya zamani. Huko kwao lilikuwa kibanda cha matawi, na wataalamu wanalihusisha na neno lao la jani. Wawindaji walijikinga mvua humo. Baadaye ikawa nyumba ndogo ya mlinzi wa lango, kisha mahali pa kulala mgeni. Mimi mwenyewe, niliyepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, jina langu hapa ni "loja", yaani mpangaji. Sioni haya. Ila sitaki na wewe uwe mpangaji kwenye kilima ulikozaliwa.

Nguzo, fito, matawi, nyasi, udongo juu: ndivyo Baba alivyojenga tembe letu. Akija tena mwambie loji ipo, na ina mwenyewe.

Lakini maneno hayazuii mvua. Umesema mwaka huu hukuwaita majirani kuweka udongo mpya kwenye paa, kwa kuwa "huenda tutahama". Hilo ndilo limeniuma. Paa likikosa udongo kabla ya masika litavuja, nguzo zitaoza, na yule bwana atakuta tembe tumemwangushia sisi wenyewe. Waite Jumamosi. Pika pombe kama Mama alivyopika. Bura, mdogo wetu anayetaka tuuze, mpe jembe la kwanza mbele ya wote. Unajua desturi yetu: aliyechimba udongo wa paa na kunywa pombe ya kazi hawezi kuwageukia majirani na kusema nyumba inauzwa. Na mimi sahihi yangu siitoi. Bila yangu hakuna mauzo.

Nisalimie shangazi yetu mkubwa, pia mke wa Bura, na yule jirani fundi wa fito, asikose kuja.

Mkipanda juu kuushindilia udongo kwa miguu, kona ya mashariki ilikuwa yangu tangu utotoni. Nikanyagie, tena kwa nguvu.

Kaka yako,
Tluway