Barua Niliyomjibia Zuhura

Salim, ndugu yangu,

Cherehani yako bado inafanya kazi. Mama Zuhura ameihamishia dirishani na anashona sare za shule. Wateja wako wa zamani wanapita barazani wakijifanya wanasalimia tu, kumbe wanataka kuhakikisha hajaiuza. Vijana wa hapa Kaloleni bado wananiita Mhariri, jina ulilonibandika wewe, ingawa unajua kule kwenye kiwanda cha uchapaji mimi ni msahihishaji tu, mtu wa kuwinda makosa ya wengine. Leo nakuandikia kosa langu mwenyewe. Afadhali ulisikie kwangu.

Ulituacha Zuhura akiwa na barua ya kuitwa chuo kikuu tu, wewe umeikunja mfukoni ukiwaonyesha hata wauza mkaa. Sasa yuko mwaka wa pili wa kemia. Likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wa sayansi hutafuta mahali pa kwenda kujifunza utafiti, na mwanao aliomba mahali pawili. Pa kwanza ni kwa mhadhiri wake, ambaye anachota maji ya mto chini ya viwanda vya Baba Dogo ajue yamebeba nini, maana sukuma wiki inayomwagiliwa maji hayo ndiyo tunayokula sisi. Pa pili ni kituo cha utafiti wa udongo kule nyanda za juu, chenye wafadhili wa ng'ambo. Wote wawili walimkubali. Likizo ni moja.

Unakumbuka mstari wetu mzima wa nyumba unatumia sanduku la posta la kiwanda chetu. Barua za Zuhura hupitia mikononi mwangu, na mwenyewe aliniruhusu kuzifungua akiwa chuoni ili nimpelekee habari. Nimpelekee habari, Salim. Hakusema nijibu.

Nilipoisoma ile ya kituo, damu ilinichemka. Niliwaona wakija na masanduku yao, wakichimba udongo wetu, wakirudi kwao kuandika vitabu ambavyo sisi hatutavisoma, na mwanao amesimama pembeni akiwaoshea chupa. Nikakaa kwenye taipureta ya kiwanda saa ya chakula, nikawajibu. Kurasa mbili. Niliwaambia binti huyu hauzwi, kwamba watu wa mitaa yetu ya Eastlands wana mto wao wa kupima, na wao wakapime mashamba ya babu zao. Nikatia sahihi kwa niaba yake na kuituma kabla chai haijapoa. Nilitembea kurudi nyumbani nikipiga mluzi. Kama ungekuwapo ungesema, "Umeanza, Kioko," na ningeichana.

Jumamosi Zuhura alikuja. Bado ananiita ami, kana kwamba mimi na wewe tulizaliwa tumbo moja. Nilimpa barua zote mbili, kisha nikamsimulia jibu langu, nikingoja anisifu. Alizisoma zote mbili polepole, akaziweka juu ya kitambaa cha sare, akaniuliza, "Ami, unajua risasi, yale madini ya viwandani, ndani ya maji inaonekanaje?"

Nikasema inaonekana kama uchafu.

"Haionekani. Maji yanaweza kuwa meupe kama haya ya kunywa na yana sumu. Mwalimu wangu ana chupa, hana mashine ya kuipima. Mashine iko kule kituoni."

Basi. Hayo tu. Alikuwa amepanga aende kituoni akajifunze ile mashine, awaombe ruhusa ya kupima maji ya Baba Dogo humo humo. Mhadhiri wake alikwisha kukubali. Mimi nilikuwa nimepigania mto kwa kufunga mlango pekee ambao mto ungepitia.

Mama Zuhura alizima cherehani. Hakunikaripia, alinitazama tu, na hapo nikakukumbuka na ile suruali yangu ya kijivu. Ulinirudisha mara tatu. Nilikuja na vipimo vyangu kwenye karatasi, nikakuambia kata tu, mimi najijua. Ukakataa kushika mkasi. "Kaa kwenye kigoda nikuone ukiwa umekaa," ukasema. Suruali moja, mara tatu. Na mtoto wako, ambaye ulinishika mkono hospitalini kwa ajili yake, sikumuuliza hata mara moja.

Jumatatu nilikwenda peke yangu kwenye ofisi yao ya mjini. Katibu, mama mnene mwenye miwani, alisoma jina la Zuhura nililomwandikia, akaivuta barua yangu kutoka kwenye faili.

"Kumbe ni wewe, mzee? Hii hotuba imesomwa na ofisi nzima. Mkubwa amecheka, halafu akakasirika."

Nilimwambia kwamba msichana hakujua lolote. Akanisukumia karatasi na kalamu. "Andika hivyo. Mistari miwili. Ukiandika mitatu naichana."

Salim, mimi nimegombana kwa maandishi na madiwani, na maaskofu, na wahariri wa kweli. Sijawahi kutoka jasho kama kwenye ile mistari miwili. Niliandika kwamba barua ile ilikuwa yangu, na kwamba binti hakuulizwa. Kuhusu wafadhili sikuandika neno, ingawa bado ninayo ya kusema, na siku moja nitayasema kwa jina langu mwenyewe.

Jibu lilichukua siku tisa. Zilikuwa siku ndefu. Chuo kilikuwa kimefungwa, na Zuhura alikuwa akipita kiwandani kila alasiri, ananisalimia kwa heshima ile ile, nami natikisa kichwa kwamba bado, anaondoka. Lilipofika nilimpelekea bahasha ikiwa imefungwa. Aliifungua kwa mkasi wako. Akasoma, akamwita mama yake, wakanong'onezana jikoni, wakaniacha nimekaa na kikombe mkononi kama mshtakiwa. Nilistahili.

Wamemkubali. Wamempa majuma sita badala ya kumi, kwa kuwa nafasi iliyobaki walikwisha kumgawia mwingine. Majuma manne hayo nimempotezea mimi. Yeye anasema yatatosha. Jana tumepanga chupa za mto ndani ya kreti ya soda, kila moja na karatasi yake. Aliniachia kuandika vibandiko, kisha akavisahihisha viwili.

Lala salama, ndugu yangu. Mungu akupanulie mahali pako huko makaburini Kariokor. Mimi nakuahidi jambo moja, na unajua ni gumu kwangu kuliko yote: akirudi, nitamuuliza maji yamesema nini, halafu nitanyamaza mpaka amalize.

Wako,
Kioko