Chupa ya Mizizi Chini ya Kitanda

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Geita tu wazima, mpunga umechanua, na baba yako mdogo wa Kalangalala hatimaye ameoa. Tumepumua.

Unauliza kwa nini wagonjwa wa saratani unaowafanyia utafiti wanakuficha dawa za miti shamba wanazokunywa. Basi nikupe habari ya mama yangu.

Nilikuwa msichana, namuuguza hospitalini kwa uvimbe wa titi. Chini ya kitanda tulikuwa na chupa ya mizizi iliyochemshwa. Asubuhi daktari alikuja, kalamu mkononi, akauliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?" Mama akatikisa kichwa.

Alasiri daktari yuleyule akarudi, akavuta kigoda, akamsalimia kwa Kisukuma kibovu kabisa. "Mwadila, mayu." Akauliza mvua, akauliza mtama, akauliza ng'ombe. Mama alipofika kwa ng'ombe wake mwekundu aliyezaa pacha, alicheka mpaka kitanda kikalia. Kisha akainama mwenyewe, akaitoa chupa.

Daktari akainusa. "Hii tuisimamishe kwanza, mama, isije ikagombana na sindano zangu. Nipe nikaipime."

Mama akampa. Alimaliza sindano zake, akarudi nyumbani, akaishi hadi kumbeba baba yako mgongoni.

Maswali yako uliyonitumia nimesomewa yote, ni mazuri. Ila la kwanza kabisa unamuuliza mgonjwa dawa.

Ng'ombe wake hawajambo?

Bibi yako