Kidole Kikifungwa, Nyundo Itashikwaje?

Mwezi mzima hamjaniandikia. Mlidhani Bibi Lavinia amekufa? Mkishiba mnanisahau, mkichomwa na mwiba mnaikumbuka njia. Haya, hii ni ya Siutiti wa Kolovai, nimesomewa mara mbili.

*Mpendwa bibi mshauri, naomba unisaidie maana kichwa kinanizunguka, kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kimelika kiungo cha karibu na ukucha hadi kimepinda kama ndoano, na nyundo ya kupondea magome ya kutengenezea nguo imeniponyoka mara tatu mbele ya kina mama wenzangu, wifi yangu Fehoko akaniambia, "Mama Ndoano, hamia kwenye kupaka gundi," wote wakacheka, basi nikaenda hospitali, muuguzi akasema kiungo kitafungwa, nikakubali mbio nikijua ni kitambaa, kikipona kitafunguliwa, daktari akauliza kikae kimenyooka au kimepinda kidogo, nikasema kinyooke kabisa Fehoko akome, kumbe kinafungwa mfupa kwa mfupa, milele, tena daktari anasema hakitakunjika lakini nitashika bila shida, bibi, kisichokunjika kinashikaje, na nguo ya magome ya harusi ya binti yangu haijafika nusu, mwanangu avishwe jasho la Fehoko?*

Pole, mwanangu. Sasa sikia. Mkono ulikuwa wako, ulimi ukawa wa Fehoko. Umechagua kidole cha kuonyesha watu kanisani, siyo cha kushika nyundo. Mjinga wewe, nami nakupenda.

Daktari hakukudanganya. Changu kilifungwa mwaka ule wa kimbunga. Ngumi haifumbiki kama zamani, na nguvu kidogo zimekwenda, sikufichi. Lakini kilichokuwa kikiniangushia nyundo ni maumivu, na hayo yameisha. Ishike yako sasa hivi, inua kidole cha shahada, ponda. Umeona? Wanaobana ni wale watatu wa nyuma, huyo anaelekeza tu. Kisha zungushia mpini magome unenepe, kidole kigumu kisihangaike kujikunja.

Ukishapasuliwa, usiponde mpaka daktari aone mfupa umeshikana, na hiyo ni miezi. Muulize kama upasuaji unaweza kungoja harusi ipite. Ikishindikana, kaa kwenye gundi na uimbe kwa sauti. Bila gundi magome hayashikani, kwa hiyo mwanao atavaa jasho lako pia.

Siku ya kurudi kwa daktari usiende mikono mitupu. Beba nyundo. Mwambie umebadili neno lako, kifungwe kimepinda kidogo, uishike mbele yake, aone mwenyewe kipinde kiasi gani. Na Fehoko mwache nyumbani.