Nyayo Zinazotoka Kalavatini

Kambi ya Mgodi wa Chokaa,
Njia ya Mwandiga,
S.L.P. 41, Kigoma.
17 Novemba 1996

Mpendwa Dada Yusta,

Shikamoo. Mgongo umekuachia, au bado unabeba ndoo kwa ukaidi wako uleule? Shemeji je, na baridi ya huko Mbeya? Mimi mzima, ila usingizi umenihama na chakula nakila kwa kujilazimisha. Mvua zimeanza.

Ulisema huielewi kazi yangu. Nachora mahali maji yatakapovuka chini ya barabara ya malori ya mgodi, yasije yakaikata. Kubwa kuliko yote ni kalavati la bondeni. Mtu mzima anaingia akiinama. Nililipinda katikati kukwepa mwamba, na mdomo wa chini nikauwekea wavu wa chuma kuzuia takataka. Juu yake kuna bwawa. Lango la bwawa likifunguliwa, maji yote yanapita humo.

Basi wiki iliyopita, siku ya kulifungua lango hilo kwa mara ya kwanza, tulikuta nyayo kwenye tope la mdomo wa juu. Za miguu mitupu, za mkubwa na mdogo, zinatoka ndani. Za kuingia hakuna hata moja. Dada, nywele zilinisimama. Mlinzi wetu Mwinshehe, mtu wa Kasingirima, alimulika tochi, akaona ile kona tu, akarudi nyuma akisoma dua. Vibarua wakaweka majembe chini. Meneja, Bonaventura, akasema waliokuwamo wameshatoka, bwawa limejaa, nifungue. Nami nikashika usukani wa lango.

Merina anayetupikia alivuka mpaka mwaka juzi na wakimbizi wenzake kutoka Burundi. Alikuja na uji, akaziangalia zile nyayo, akanishika mkono.

"Usifungue," akaniambia. "Hawa hawajatoka. Wameingia kinyumenyume. Ndivyo tulivyotembea sisi, ili askari wakifuata nyayo wapotee."

Akaita kwa Kirundi. Akaita tena, akawatajia kijiji chake. Ndipo akatoka mwanamke na binti yake mdogo, wamelowa, wanaficha macho wasione jua. Nikauacha usukani, nikakaa chini. Ningewaua, dada, kwa mchoro wangu mwenyewe.

Yule mama akakataa kuondoka. Mume wangu bado yumo, alisema, alikuwa nyuma yangu. Nikaingia mwenyewe hadi kwenye wavu. Hamna mtu. Baadaye, wakinywa uji, mtoto akamwambia Merina kwamba baba walimzika njiani, kabla ya mpaka. Mama yake hakubisha. Aliendelea tu kulitazama kalavati.

Wamepelekwa kambi ya wakimbizi kwa wenzao, nasi tukalisawazisha tope, nikaomba lango lisifunguliwe hadi leo.

Leo asubuhi nimekuta nyayo tena. Za mtu mmoja, mwanamume, zinatoka. Nimeingia mpaka wavuni, sikuona mtu. Bonaventura ananifokea tangu asubuhi, maji yamefika ukingoni. Lango sijalifungua.

Nisalimie Shemeji Castory, mwanao Shukrani na Mama Honorata. Mungu awafunike nyote. Niombeeni, na mumwombee na huyu nisiyemjua jina.

Mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Nikodemu