Harufu ya Maji ya Bomba

Baba Lavender,

Usinywe maji ya mtungi wa njano, hata yaliyochemshwa. Chai nimepika kwa maji ya mvua, iko kwenye chupa. Lavender naye abebe ya mvua shuleni, mtungi wa bluu.

Leo alfajiri nimeenda bombani mwenyewe kabla ya watu. Nimekinga kwa kikombe kipya, nikanusa. Harufu ni ileile ya petroli. Kumbe mwezi mzima nimekusema bure, eti unashika mtungi kwa mikono yenye petroli ya pikipiki. Mong'ina wa kamati ya maji anasema tangi la kituo cha petroli pale juu linavuja, na petroli yenyewe wanaichanganya na dawa ambayo hakuna anayeikagua. Sisi tumeinywa.

Napeleka chupa mbili za maji hayo ya bomba Kisii mjini zipimwe. Huo mtungi wa njano umwage mbali na migomba. Na chemchemi ya chini usiiamini, mpaka nirudi.

~~Ila hata wewe ungekuwa unaoga mapema~~ Hapana, acha.

Kile kiti chako nilichotoa nje, ili ulie huko na harufu yako, nimekirudisha mezani. Kaa.

Mama Lavender