Nilichomwambia Somo Siku ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Juni

Nimefua shati mbili za mume wangu, Rama. Ya tatu nimeiacha. Ina harufu ya vumbi la mbao na ya risasi ya kulehemu. Nimeiweka chini ya mto wangu. Ujinga, najua. Sijali.

Siku ya kumi na tatu ya ndoa. Kwetu bibi-arusi hatoki nje ya ua siku arobaini. Wenzangu wa sekondari wananicheka. Mimi sitaki hata ziishe. Atelie yake, yaani karakana, iko upande wa pili wa pazia letu. Namsikia akigombana na nyaya zake. Saa sita anaingia kula, mikono bado ina joto. Mungu wangu, ninampenda huyu mtu.

Lakini mluzi amepunguza. Wiki ya harusi alikuwa anapiga mluzi kutwa nzima.

Rama anaunda mashine za michezo. Haziagizi, anaziunda mwenyewe. Anachukua matumbo ya kompyuta za zamani, anayatia ndani ya kasha la mbao, anaunganisha maneti mbili, vile vishikio vya kuchezea mkononi. Michezo anaiandika yeye. Mwaka jana karibu kila chumba cha michezo cha mji huu kilikuwa na kasha lake. Mwaka huu Yusufu wa Kavimvira, kule mpakani, anavusha mashine za kizungu kutoka Bujumbura. Zimeshatumika, lakini picha zake zinang'aa. Vyumba vinamhama Rama kimoja kimoja. Leo mwenye chumba mmoja amerudisha makasha mawili. Ameyaacha mlangoni, hakubisha hata hodi.

Rama ameyaingiza ndani kama mtu anayebeba watoto waliolala.

Jumatano, 5 Juni

Leo ameniita upande wake wa pazia! Mara ya kwanza.

Mezani kuna kasha jipya. Lina kioo chake chenyewe, halitaki televisheni. Chini yake batri ya pikipiki. Nimetafuta waya unaokwenda ukutani. Haupo.

Rama amesema: "Picha za Yusufu sitaziweza. Lakini umeme ukikatika, yeye anafunga. Minye nitakuwa wazi." Na hapa kwetu umeme unakatika kila siku. Kasha linakaa saa nne kwa batri moja. Nimemwangalia akieleza. Macho yale! Nilitaka kulia mbele ya mgeni.

Mgeni ni Jakobo, seremala anayetengeneza makasha. Mtu wa kijiji cha Runingu, Mkatoliki, mpole. Wako pamoja tangu kasha la kwanza. Tumecheza mchezo wa pikipiki zinazokwenda Makobola, ule ambao mbuzi wanakatiza barabara na sauti ya Rama inapiga kelele, "Weye! Angalia mbuzi!" Nimemshinda mume wangu mara mbili. Jakobo amecheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, unamushinda bwana yako ata hauone haya?"

Litatoka siku shule zitakapofunga. Tunaojua ni sisi watatu. Rama ameniwekea kidole mdomoni. Bado nakisikia.

Ijumaa, 7 Juni

Somo wangu amekuja baada ya sala, kama kila Ijumaa ya siku arobaini. Mama Sakina. Ndiye aliyenifunda. Bibi-arusi hamfichi somo wake kitu: chakula, ugomvi, kitanda, vyote. Ndivyo mama yangu alivyofanya, na mama yake kabla yake.

Ni mama yake Yusufu pia. Kila mtu anajua.

Nilimmiminia chai. Nilimsifu Rama, nikamsifu tena. Akaniangalia kwa pembeni. "Nasikia banamurudishia makasha yake. Sasa mutakula mbao?"

Nilichomwa. Nikasema yote. Batri, kioo, saa nne, siku ya kufunga shule. Nilisema kwa raha. Alipiga makofi. "Kumbe ule kijana iko na akili!"

Nilijiona mke mzuri sana. Sasa naandika, na kidole cha Rama bado nakisikia mdomoni.

Jumapili, 9 Juni

Rama ameniletea kitenge cha rangi ya ziwa la asubuhi. Amesema ni cha kuvaa siku ya kasha. Nimekivaa ndani, nikazunguka kama kichaa. Sikumwambia habari ya Ijumaa. Ningeanzia wapi? Hakuna kilichotokea.

Alhamisi, 13 Juni

Kimetokea.

Jakobo amekuja amekimbia. Yusufu ametundika ubao mbele ya chumba chake Kavimvira: HAPA TUNACHEZA HATA BILA UMEME. Amenunua batri za lori, ameziunganisha na mashine zake za kizungu. Vijana wamejaa mpaka kwa wabadilisha pesa.

Rama alizima kasha. Akakaa.

Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Niliirudisha jikoni.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemuuliza somo. Hakukana.

"Weye njo ulisema. Minye ni mama. Nitamunyima mutoto wangu neno?" Akacheka, akaomba sukari nyingine.

Nimempa sukari.

Jumamosi, 15 Juni

Sijui nitaandikaje hii.

Mtu amemwambia Rama kwamba wiki iliyopita Jakobo alionekana Kavimvira akiongea na Yusufu. Jakobo alipofika asubuhi, Rama alikuwa amesimama mlangoni.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia kila kitu.

"Nilimupelekea mulango wa chumba chake," Jakobo alisema. "Seremala anatengeneza milango, Rama. Hata ya Yusufu."

"Na kasha letu liko wapi?"

"Kwangu Runingu. Nilikwenda nalo jana kulitia kifuniko. Weye mwenyewe ulinituma."

"Lirudishe. Mwizi weye."

Alilisema kwa sauti. Majirani walikuwepo, na mwanamke anayeuza unga, naye ni mtu wa Runingu. Jakobo akasema, "Miaka sita, Rama." Nikamsikia akikusanya randa na misumeno yake, kimoja kimoja. Hakuharakisha. Kama anampa mtu nafasi ya kusema.

Ni hatua nne kutoka nilipokuwa mpaka mlangoni. Nimezihesabu baadaye.

Sikutoka.

Jumatatu, 17 Juni

Rama amelala mchana, kichwa mapajani kwangu. Amesema katika dunia nzima amebaki na mimi tu wa kumwamini. Nilimpapasa nywele. Mkono wangu nilitaka kuukata.

Ninampenda, na uso wake sasa naogopa kuutazama. Hii ni wiki ya nne ya ndoa.

Jumanne, 18 Juni

Leo nilikuwa nimeamua. Nilikaa mbele yake. Nikasema, "Rama." Akainua macho. Nikasema maharagwe yamezidi chumvi.

Akasema hapana, ni matamu.

Mnafiki mimi.

Alhamisi, 20 Juni

Nimesema.

Alikuwa anang'oa batri kwenye kasha la pili ambalo halijamalizika. Amesema ataacha yote, atatafuta kazi ya kutengeneza telefone sokoni. Hapo ndipo niliposema, nimesimama, mgongo ukutani. Nilichomwambia somo, siku gani, maneno gani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza kitu kimoja: "Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia."

Aliiweka batri mezani. Kisha: "Ya somo naelewa. Ulitaka kunisifu. Ya pazia, bibi yangu, sielewi."

Ameniita bibi yangu, yaani bado ni mke wake. Na hajanigusa tangu hapo.

Ijumaa, 21 Juni

Somo amekuja, amekuta mlango umefungwa. Tulikuwa njiani.

Mimi niliomba twende wote kwa Jakobo, Runingu. Rama alisema atakwenda peke yake, kwamba siku arobaini hazijatimia, watu watasema. Nikamwambia watu waseme. Neno lililotupwa mbele za watu haliwezi kuokotwa na mtu mmoja chumbani. Sikuvaa kitenge kipya. Tulipanda pikipiki, jua kali, vumbi la tambarare. Niliona nje kwa mara ya kwanza baada ya mwezi. Milima, mashamba ya mpunga, anga lote lile. Sikuona haki ya kufurahi.

Jakobo alikuwa kwao na mkewe na mama yake. Nilisema mbele yao wote watatu. Nilisema ni mimi, na kwamba nilimsikia akiitwa mwizi nikabaki nimejificha. Rama naye akasema lake, ameinamisha kichwa. Jakobo alisikiliza mpaka mwisho.

"Madamu," alisema. Si shemeji. "Mama yangu alilisikia ile neno sokoni, kwa mwenye kuuza unga. Ungetoka ile siku, hangelisikia."

Mama yake alituletea viti. Maji hakuleta. Aliniuliza kitu kwa Kirundi. Nilimwangalia Jakobo anitafsirie. Alikataa.

Tulipoomba kasha, Jakobo alikuna shingo. Halikuwa nyumbani. "Niliweka kwa kinyozi lipate chaji, nilirudishe Jumatatu. Batu bakanikatalia."

Tukaenda kwa kinyozi. Sijapata kuona kitu kama kile. Runingu hakuna umeme wa kukatika, maana haujawahi kufika. Kinyozi ana bamba la jua la kuchajia mashine yake ya kunyolea. Kwa hilo anajaza na batri ya kasha. Wanaume wazima wamepanga foleni na majembe begani. Wamama wamekaa upande na watoto mgongoni, wanashika maneti kwa zamu. Sauti ya Rama inapiga kelele, "Weye! Angalia mbuzi!" na kijiji chote kinajibu, "Mbuuuzi!"

Mzee mmoja alimkamata Rama shati. "Njo weye mwenyewe mwenye hii sauti? Mbuzi batupu! Ng'ombe iko wapi? Hapa sisi tuko na ng'ombe!"

Rama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Nilicheka pia, halafu nikakumbuka kwa nini tuko pale, nikafunga mdomo.

Jumapili, 23 Juni

Rama anaongea tena. Anaongea na kasha zaidi kuliko na mimi, lakini anaongea.

Anasema alikosea tangu mwanzo. Alikuwa anataka vyumba vya mji, na vyumba vya mji vinataka picha za kizungu. Ataviacha kwa Yusufu. Mashine za Yusufu zinakula sana. Batri ya lori inaisha hata saa moja haijatimia, na vijana wameanza kudai zamu zao. Hawezi kuzipeleka Runingu, wala Makobola, wala kokote ambako mwenye umeme ni kinyozi tu. Kasha letu linaweza. Na kila kijiji kitataka mchezo wenye njia zake na wanyama wake. Nani atawaandikia hayo Ulaya?

Anaeleza, macho yale yamerudi. Nikasahau, nikamshika mkono. Hakuuondoa.

Kisha akasema labda Mungu alipitisha heri kwenye ulimi wangu. Nimemwomba asiseme hivyo tena. Hasa asiseme mbele ya Jakobo. Nilichofanya hakikuwa heri. Heri aliifanya Jakobo. Tulimwita mwizi, naye akaliweka kasha mahali watu walipolihitaji.

Jumanne, 25 Juni

Jakobo amekubali kurudi. Ametoa masharti mawili. Jina lake liandikwe kwenye kasha kando ya jina la Rama. Na Rama arudi mbele ya mlango ule ule, majirani wakiwepo, mwenye kuuza unga akiwepo, alifute lile neno kwa sauti ile ile.

Rama amefanya leo saa tatu asubuhi. Sauti ilikatika katikati, akaanza upya. Mimi nilitoka, nikazipita zile hatua nne, nikasimama kando yake. Nikasema langu. Mwanamke wa unga aliacha kupima.

Somo ametuma ujumbe kwamba nimemvunjia heshima kwa kutoka kabla ya siku zangu. Nimejibu kwamba nitakwenda kumwomba radhi kwa hilo. Kwa hilo tu.

Jumamosi, 29 Juni

Makasha sita yanatengenezwa. Matatu ya Runingu na vijiji vya jirani, matatu ya Makobola. Kule wanataka mitumbwi na taa za wavuvi, na Rama anachora mawimbi tangu alfajiri. Anapiga mluzi kidogo. Wimbo mmoja, anauacha katikati.

Nimemwomba Jakobo kazi. Yoyote. Alinisogezea kifuniko kimoja na karatasi ya kusugulia mbao.

Nimekaa chini, upande wa kivuli. Nimesugua mpaka vidole vikawaka. Nilipomaliza nilimpelekea. Alipitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, pande zote nne. Akanirudishia.

Nimesugua tena.