Kila Taa na Mrija Wake

Mpendwa dada,

Shikamoo. Nilikupoteza mwaka jana, Jumapili ya mavuno, ndani ya kanisa, watu wakipiga makofi. Kesho yake ulifunga mizigo, ukahama Murukulazo kwenda kulima Nyamahanga, na tangu hapo simu yangu hupokei.

Unajua makofi yalikuwa ya nini. Mzee wa kanisa alinisimamisha, akasema huyu binti anafunga sola kata nzima, Jumamosi anawafundisha wanafunzi wa sekondari, na yote kajifunza mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Wewe ulikuwa benchi la tatu. Nikasema asante, nikakaa.

Aliyenishika mkono ni wewe. Unakumbuka Baba alivyoleta betri na zile balbu tatu za pikipiki? Alizifunga kwa foleni: waya upite sebuleni, kisha chumbani kwake, mwisho jikoni, kama wazee wanavyopokezana mrija mmoja kwenye chungu cha pombe, mkubwa akianza. Zikawaka nyekundu, hafifu, zote sawa. Baba akasema kauziwa betri mbovu. Wewe, kidato cha tatu, ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Baba, umeme haujui mkubwa," ukamwambia. "Hapo mkondo ni uleule njia nzima, volti ndizo zinagawanywa. Kumi na mbili kwa balbu tatu, kila moja inapata nne. Ipe kila taa mrija wake."

Ukazifungua, ukaipa kila moja nyaya zake mbili kutoka kwenye betri. Nyumba ikang'aa. Baba akauliza, sasa mkubwa atajulikanaje? Betri ilipoisha mapema ukanielekeza mimi: kila balbu inavuta nusu ampea, zikiwa tatu sambamba ni moja na nusu, na yote inatoka kwenye chungu kimoja. Hiyo ndiyo sentensi ninayofundishia mpaka leo.

Mwaka uleule Mama akaugua. Ukaacha shule kumuuguza, mimi nikaendelea. Hukuwahi kunidai hilo, na ndiyo maana linaniuma zaidi. Kila ninaposifiwa najisikia nimevaa nguo yako.

Lakini nami nina langu, dada. Ungenivuta kitenge pale mlangoni mwa kanisa, ukanisema mbele za watu. Ningestahili. Badala yake umeninyima hata ugomvi, ukaniacha nijihukumu peke yangu.

Jumamosi iliyopita nilifika kwenye kanuni ya mzunguko: ukiuzunguka wote, volti zinazotolewa na betri lazima zilingane na zinazotumika njiani. Hesabu naiweza, nne mara tatu. Kuwaonyesha kwa nini iwe lazima, nilishindwa. Msichana mmoja akauliza, "Kwani wewe madam ulifundishwa na nani?" Nikataja jina lako. Nikawaambia na nilivyonyamaza kanisani. Hakuna aliyecheka. Wakasema basi aletwe huyo.

Sikuombi unisamehe kwanza. Njoo hata ukiwa umenuna, usinisalimie, fundisha tu. Jumamosi hii wanakusubiri saa tatu asubuhi, na mimi nitakaa nyuma pamoja nao. Usiniambie utaangalia, wala usinitumie salamu kupitia kwa Baba. Utakuja, au huji? Nataka ndiyo au hapana kutoka kinywani mwako kabla ya Alhamisi saa kumi jioni.

Mdogo wako